Maharagwe ya Mji wa Mizimu

Jina la mji huo sitalitaja. Watu wake wamechoka kuulizwa, na mimi nimechoka kueleza. Inatosha kusema uko kusini mwa Butembo, upande wa Kayna, kando ya barabara kuu: safu mbili za nyumba za udongo, nyingi zimeezekwa kwa nyasi, kanisa letu la mabati, uwanja wa soko, na mashamba yanayopanda mlima nyuma ya nyumba. Kabla ya vita watu waliujua kwa viazi na vitunguu. Vita vya pili vya nchi yetu vilipofika, ukajulikana kwa mizimu.

Mimi nilikuwa Butembo. Nilikuwa nimeacha ualimu kwa sababu ya umri, na nikiwa mzee wa kanisa nilikuwa nikiwafundisha watu wazima waliojiandaa kwa ubatizo. Asubuhi moja mama mmoja muuza viazi alinipitishia ujumbe kutoka kwa dada yangu mkubwa. Dada yangu alikuwa mjane. Mji wake wote ulipokimbia kwenda kujificha mlimani, yeye alibaki, na hakuna aliyeweza kumwondoa, mimi nikiwa wa kwanza kushindwa. Ujumbe ulikuwa mfupi: maharagwe yamekauka shambani, mikono hakuna, mvua iko karibu. "Kuja na batu," yaani njoo na watu.

Asiyelima hatajua uzito wa maneno hayo. Haragwe lililokauka kwenye shina linangoja siku chache tu. Mvua ikilikuta hapo, linaota ndani ya ganda lake, na lisiloota linaoza. Dada yangu alikuwa amelima shamba lote la marehemu mume wake kwa jembe moja na mgongo mmoja. Hakuwa na chakula kingine hadi msimu unaofuata, wala mbegu nyingine. Akiyapoteza yale, ingembidi afunge mzigo aende kuishi kwenye nyumba ya mtu mwingine, jambo alilolikataa muda wote wa vita.

Baada ya ibada ya katikati ya juma nilisimama kanisani, nikaomba watu wanane. Mikono minane ikanyanyuka. Nikamshukuru Mungu papo hapo, mapema mno, kosa ambalo hata leo ninalirudia. Nilipoutaja mji, mikono ilianza kushuka. Mmoja alikumbuka kwamba mke wake anaumwa. Wa pili alikumbuka kwamba yeye mwenyewe anaumwa. Wa mwisho alikuwa shemasi, kijana mwenye kifua kama mlango.

"Mwalimu, ule muji? Ule wa bazimu?"

"Ule wa dada yangu."

"Mais lakini bazimu njo banakaa mule! Batu balikufa kule, bakazikwa mbio-mbio, bila matanga. Sasa banajifanyia matanga benyewe. Banawasha moto mu manyumba. Badereva banaona: nyumba haina mutu, moshi iko natoka."

"Wewe ni shemasi."

"Ndiyo, Mwalimu. Niko shemasi. Hapana mujinga."

Nitaeleza matanga, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Kwetu mtu akifa, watu huja kukaa na wafiwa siku kadhaa, wanalia, wanaimba, wanakula pamoja, ndipo wanatawanyika. Aliyekosa matanga husemwa kwamba hakuondoka vizuri. Nimehubiri miaka mingi dhidi ya pombe na mambo mengine yanayoingia katika matanga. Dhidi ya kulia sijawahi kuhubiri.

Basi nilikwenda peke yangu. Mfanyabiashara mmoja wa Beni, Mwislamu, mtu mwema ambaye mwanawe nilimfundisha kusoma, alinipandisha mbele katika lori lake la chumvi na sabuni. Alikuwa akiliendesha mwenyewe kwa sababu dereva wake naye alikuwa amesikia habari za mji ule. Tulizungumza vizuri njia nzima, juu ya watoto, juu ya matope, juu ya wanajeshi wa kila kizuizi. Halafu akasimamisha gari katikati ya pori.

"Mwalimu, nitakuacha hapa."

"Bado kilomita tatu."

"Njo maana ninakuacha hapa."

"Wewe unasali mara tano kwa siku, halafu unaogopa moshi?"

"Ninasali mara tano juu sipendi matatizo. Kusimamisha camion mbele ya bazimu ni kuita matatizo na jina yake." Akanishushia gunia langu la nguo kwa heshima zote. "Mungu akuchunge, Mwalimu. Ukiwakuta, useme mie nilipita tu."

Nilitembea nikinung'unika. Shemasi, walei, sasa na Waislamu pia! Nilikuwa nimekwisha kutunga hotuba ndefu nitakayowapa wote nikirudi, ndipo kona ya mwisho ikanionyesha mji. Ulikuwa mchana kweupe. Milango mingine haikuwepo, imeng'olewa. Nyasi zimeota mpaka vizingitini. Hapakuwa na kuku, hapakuwa na mtoto, hapakuwa na sauti. Na juu ya paa la nyumba ya tatu, kisha la nyumba ya tano, moshi ulikuwa ukipenya polepole kwenye nyasi, mweupe, kama katika mji wenye watu.

Nilisimama. Katika umri wangu uongo hauna faida, kwa hiyo nitasema: miguu iligeuka yenyewe kuelekea Butembo. Miaka thelathini nilikuwa nikiwafundisha watu wasiogope vitu hivyo, na miguu yangu ilikuwa haijahudhuria hata somo moja.

Hasira ndiyo iliyonisukuma, si imani. Nilikwenda hadi nyumba ya tano, nikainama, nikaingia jikoni. Dada yangu alikuwa amepiga magoti, anapuliza moto na kuzitukana kuni mbichi.

"Umechelewa," alisema bila kugeuka. "Batu bako wapi?"

"Yaya," nikasema, kwa maana ndivyo kwetu dada mkubwa anavyoitwa, "unafanya nini mu nyumba ya watu?"

"Hauone? Niko nawasha moto."

Nikakaa chini pale pale kwenye udongo, nikacheka, kisha nikakasirika zaidi. Jambo lenyewe lilikuwa la kawaida kuliko yote. Nyumba ya nyasi isiyo na moto haiishi. Mchwa huingia, unyevu huingia, na msimu mmoja ukipita paa linaanguka ndani. Kila mtu wa kwetu analijua hilo tangu anazaliwa. Wanawake walipokimbia walimwambia, kama mtu anavyomwambia jirani, "Yaya, utatuangalizia nyumba." Naye akaangalia. Kila siku mchana alizunguka nyumba kumi na moja, akawasha moto mdogo, akatupia majani mabichi ili moshi upande vizuri kwenye paa, akangoja, akauzima, akaenda nyumba nyingine. Mwaka mzima. Na watu wale wale waliozaliwa katika nyumba za nyasi, waliolelewa katika moshi huo huo, walikaa mlimani wakautazama, wakasema ni mizimu.

"Na unajua wanavyosema?"

"Ninajua. Mama mumoja wa kule juu tulikutana ku maji. Akaniona, akapiga kelele, akaacha ndoo, akakimbia. Ndoo ya muzuri."

"Na hukumwambia kwamba wewe ni mzima?"

"Alikuwa amekimbia. Niambie mugongo yake?"

"Yaya! Mwaka mzima! Ungepanda mlima siku moja ukawaambia."

Akaifuta mikono kwenye kitenge, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nikimwaga maji. "Sikia. Zamani, mbele moshi ianze, basoda ba barrière, bale ba bunduki ku barabara, balikuwa banakuja kila juma. Balianza na kuku. Bakamaliza mbuzi. Bakang'oa milango, bakaifanya kuni. Tangu moshi ianze kusemwa, hata mumoja hakukanyaga hapa. Bazimu banachunga muzuri kupita Mungu." Akaona uso wangu. "Mungu anisamehe. Kupita wewe, basi."

Nilimwambia kwamba kunyamaza mbele ya uongo ni kuulisha uongo. Nilimwambia kwa urefu, na kwa mafungu matatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekuja kung'oa maharagwe ama kuhubiri.

Tuling'oa siku mbili. Maharagwe hung'olewa kwa mkono, shina zima na mizizi yake, unayalaza kwa mafungu, unayabeba nyumbani, unayapiga kwa fimbo. Siku ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa mgongo. Siku ya pili nilimkumbusha kwamba mgongo huo ulikuwa umepita miaka sitini. Tulipotazama nyuma jioni, tulikuwa tumesafisha kipande kama uwanja mdogo wa shule, na shamba lilikuwa bado linapanda mlima, kahawia, likitoa mlio wa maganda makavu kila upepo ulipopita. Upande wa Lubero mawingu yalikuwa yamejipanga. Wazee wawili wangehitaji majuma mawili. Mawingu hayakuwa na majuma mawili.

"Nitakwenda kuwaambia," nikasema.

Dada yangu alichambua maganda muda mrefu. "Wende. Lakini ukileta batu, ujue unaleta na bengine, ba barrière."

Kambi ya watu wake ilikuwa mwendo wa saa mbili, vibanda vya matete na vipande vya turubai. Watoto waliniona kwanza wakakimbia. Kisha wanawake walikuja, wakasimama mbali kidogo, na mbele yao mama mzee mmoja mwenye fimbo, ambaye kila mtu alimngoja aseme. Huyo akanikaribia, akanifinya mkono kwa nguvu.

"Ni nyama," akawaambia wenzake.

"Asante," nikasema.

"Papa, umelala kule chini?"

"Siku mbili."

"Ulikula?"

"Maharagwe."

"Nani alikupikia?"

"Dada yangu."

Wakatazamana. "Dada yako alikufa," mmoja akasema kwa huruma. "Mimi mwenyewe nilimukuta ku maji. Alikuwa mweupe na majivu."

"Alikuwa mweupe na majivu kwa sababu alikuwa akiwasha moto katika nyumba zenu! Paa zisianguke! Mlimwambia wenyewe aangalie!" Nilikuwa ninapaza sauti, jambo ambalo mzee wa kanisa hapaswi kulifanya mbele ya wajane. "Na ndoo yako anayo, anakusalimia."

Mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akauliza polepole, "Anawasha na mu nyumba yangu? Ile ya karibu na kanisa?"

"Kila siku."

"Paa iko?"

"Iko."

Akakaa chini akalia. Nikafikiri kazi imekwisha. Nikashukuru tena, mapema mno tena. Mama mzee alikuwa bado amesimama.

"Bon. Moshi ni ya dada yako. Tumesikia. Mais bafu betu, bale balikufa, hawakupata matanga. Ile hapana moshi. Ile ni kweli."

Hilo liliniudhi, kwa maana lilikuwa kweli. Watu tisa walikuwa wamezikwa nyuma ya kanisa siku moja, kwa haraka, na waliowazika walikuwa wakikimbia kabla udongo haujatulia.

"Tutashuka," akasema. "Tutafanya matanga siku tatu. Kisha tutasaidia dada yako."

"Mama, siku tatu! Maharagwe yako shambani. Shukeni leo, tung'oe kwanza, ninyi mchukue sehemu yenu, kisha tulie."

"Kukula kwanza, kulia nyuma? Wewe ulisomea wapi?"

"Chuo cha Biblia."

"Balisahau kukufundisha kitu moja. Matanga ikikaa, jembe haiguse udongo."

"Lakini mvua, mama! Mvua!"

"Mvua haikufiwa," akasema, akaenda kufunga mkeka wake.

Walishuka kesho yake asubuhi, watu kama arobaini. Walimshika dada yangu mikono, mabega, mashavu. Yeye aliwaacha wamshike kwa dakika moja, kisha akauliza kama wamekuja na vikapu. Aliposikia habari za siku tatu, alinigeukia mbele ya wote. "Nilikutuma mikono, umeniletea machozi."

Siku hiyo jua liliwaka kama la kukodi. Mikono themanini ilikaa kwenye mikeka mbele ya kanisa, imekunjwa, na juu yetu shamba lilikauka likipasuka. Nilisoma majina ya wale tisa, moja moja. Nikaomba. Sisi hatuwaombei waliokufa. Tunawaombea walio hai. Mama mzee alinivumilia sala mbili, kisha akainama sikioni kwangu.

"Papa, uko naombea siye tu. Siye hatukufa."

Nilitoka nje ya uwanja nikazunguka kanisa mara mbili ili nisijibu. Nyuma ya kanisa yalikuwa makaburi, nyasi zimeyafunika, huwezi kujua moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Nilisimama hapo. Nilikuwa nimefika mji ule siku tatu zilizopita, nimeng'oa maharagwe, nimewakemea watu wote, na sikuwa nimekuja hata mara moja kuyatazama. Nilirudi, nikamwomba mama mzee aongoze wimbo anaoutaka. Walilia mpaka jua likainama, na mimi nililia pamoja nao. Lakini katikati ya machozi, Mungu ananijua, jicho moja lilikuwa kwenye mawingu.

Asubuhi ya pili ngurumo ilisikika. Si mbali. Dada yangu akainuka kwenye mkeka, akaenda akasimama mbele ya mama mzee.

"Mama, kung'oa ni kulima?"

Mama mzee aliitazama fimbo yake. Alitazama juu.

"Jembe njo inakatazwa," akasema.

"Na mukono?"

"Mukono?" Akafikiri tena. Nilitaka kumsaidia kufikiri, dada yangu akanikanyaga mguu. "Mukono hawakukataza. Na mukono njo tunazika. Na mukono njo tunapangusa machozi." Akaishika fimbo, akajiinua. "Mukono unaweza kung'oa."

Nilimwuliza Mungu kwa nini swali hilo halikunijia jana yake, mimi niliyesoma. Hapakuwa na muda wa kungoja jibu. Walitawanyika shambani kama kundi la ndege, wakiimba nyimbo za matanga, kwa sababu matanga yalikuwa hayajaisha, na waling'oa wakilia na kuitana na kugombania mistari. Mimi nilibeba. Tulikuwa tumepita katikati ya shamba mvua ilipotukuta, nzito, ya baridi. Theluthi moja ya shamba ilibaki huko, na katika siku zilizofuata ikaota kama tulivyojua. Mengine yote yalikuwa yameingia ndani ya nyumba, chini ya paa zisizovuja, na hapo sikuhubiri chochote.

Walibaki. Sikuwaambia wabaki, kila mwanamke aliingia nyumbani kwake kutazama paa, akaanza kufagia. Siku ya tatu baada ya mvua tulikuwa uwanjani tunapiga maharagwe kwa fimbo, yanaruka kwenye mikeka, wanawake wanataniana, ndipo wanajeshi watatu walipotokea barabarani. Mkubwa wao alikuwa na bunduki begani na kofia ya sufu.

"Mbote, bamama. Tumesikia muji imerudia batu." Akayatazama maharagwe, mafungu na magunia, akahesabu kwa macho. Kisha akaniona mimi na Biblia yangu mfukoni. "Pasta. Wewe hausemi uongo. Banasema bazimu baliisha hapa. Ni kweli?"

Fimbo zote zilisimama. Dada yangu hakunitazama; alikuwa anatazama gunia lake la mbegu.

Mizimu haikuwahi kuwepo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kweli, na nilikuwa nimepanda mlima kuitangaza. Nikiisema sasa, magunia yote yangepanda mabegani mwa watu hao kabla ya saa sita, na kesho wangerudi kwa ajili ya yaliyosalia. Nikafungua kinywa. Na kilichotoka kilikuwa kweli pia.

"Matanga bado haijaisha," nikasema.

Mwanajeshi akaacha kuyahesabu magunia. "Haijaisha?"

"Tulikatizwa na mvua. Siku moja na nusu tu. Na waliozikwa ni tisa."

Mama mzee, bila kutazamwa na mtu, akaanza kuimba chini chini, na wengine wakafuata. Mkubwa wao alitazama milango mitupu ya nyumba, moja hadi nyingine. Akachukua gunia moja, lile lililokuwa karibu na barabara, akamtwisha mwenzake. Waliondoka kwa mwendo ambao si wa kukimbia, lakini haukuwa wa kutembea pia.

"Umesema muzuri," dada yangu akaniambia.

"Nimesema kweli."

"Njo ile ninasema."

Nilikosa usingizi kwa ajili ya jibu nililompa mwanajeshi. Niliwaza, nikaona njia moja tu ya kulisafisha: kuyamaliza matanga. Jumamosi niliwakusanya tena, nikavaa koti langu, nikawaambia kwamba leo tutakaa, tutalia, na jioni nitasali sala ya mwisho ya kufunga. Mama mzee alinishika mkono pale pale alipokuwa amenifinya mara ya kwanza, safari hii taratibu.

"Papa, hapana kufunga. Acha wazi kidogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tukule ile maharagwe."

"Na jembe, mama? Ulisema mwenyewe. Matanga yakikaa, jembe haligusi udongo. Mtapanda namna gani?"

Alilitazama shamba, akaitazama barabara, akaniachia mkono.

"Jembe," akasema, "tutaongelea wakati ya kupanda."